Kulitambua gari la zamani kwenye picha ya kale: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Picha ya familia imetoka sandukuni. Watu wamejipanga kando ya gari, wamevaa nguo zao za sikukuu, na nyuma ya picha hakuna hata neno moja. Hapo ndipo swali linapoanza: hili ni gari gani, na picha ilipigwa lini? Nimekaa na picha za aina hii kwa miaka mingi, na maswali ninayoulizwa hujirudia. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake.

Nianzie wapi?

Anzia puani. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1930 kiwanda kilijulikana kwa umbo la rejeta yake kama mtu anavyojulikana kwa sura. Madigadi, paa na magurudumu vilibadilishwa kila baada ya muda mfupi, lakini umbo la rejeta lililindwa. Rolls-Royce ina rejeta yenye kona kali, mfano wa mlango wa hekalu la Wagiriki, na tangu 1911 kuna sanamu ya mwanamke aliyeinama mbele huku nguo zikipepea. Bugatti ni kiatu cha farasi. Packard ina mabega yaliyojipinda kama nira ya ng'ombe, na katikati ya vifuniko vya magurudumu yake kuna alama ya pembe sita.

Ukikuta boneti inateremka hadi chini na mbele hakuna rejeta kabisa, usidhani imeng'olewa. Renault waliweka rejeta nyuma ya injini hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1920. Franklin wa Marekani walitengeneza injini iliyopozwa kwa hewa, kwa hiyo hawakuhitaji rejeta. Mwaka 1925 ndipo walipoanza kuweka pua ya bandia ili gari lao lifanane na mengine.

Baada ya pua, tazama taa. Magari mengi ya kabla ya katikati ya miaka ya 1930 yana taa zilizosimama peke yake pembeni mwa rejeta. Ukiona taa zimeota juu ya madigadi kwenye picha ambayo kila kitu kingine kinasema miaka ya 1910 au 1920, jina la kwanza kulifikiria ni Pierce-Arrow.

Gari likiwa limekatwa na pua haionekani, kuna tumaini?

Lipo, tena wakati mwingine kuliko unavyodhani. Nikupe mfano wa picha moja yenye ukubwa wa kadi ya posta. Mwanamke amesimama ubavuni mwa gari la wazi lenye paa la turubai, mkono ameuweka juu ya mlango. Mpiga picha alimtaka yeye, si gari: boneti yote imekatwa, na kinachoonekana ni upande wa kushoto tu, kuanzia nguzo ya kioo cha mbele hadi gurudumu la nyuma.

Nilianza na gurudumu. Ni la mbao, na spoki zake ukizihesabu ni 12. Hilo peke yake halitoshi, kwa kuwa magari mengi yalikuwa na spoki 12. Nikahamia kwenye mlango wa mbele, ule wa upande wa dereva. Mlango wa nyuma una kivuli chembamba kuuzunguka pande zote, kwa sababu kuna mwanya halisi baina ya mlango na bodi. Wa mbele hauna mwanya wala bawaba. Una mstari tu uliogandamizwa kwenye bati. Ni mlango wa bandia! Ford Model T za wazi zilizotengenezwa Marekani zilikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka kumi, hadi toleo la 1926 lilipoleta mlango wa kweli upande huo. Dereva aliingilia kulia, akajisogeza hadi kwenye usukani.

Hapo jina limepatikana, umebaki mwaka. Nguzo ya kioo cha mbele imesimama wima, na toleo la 1923 lilikuja na kioo kilicholala kidogo kwa nyuma; basi hili ni la kabla yake. Kisha, kwa kioo cha kukuzia, ukingoni mwa gurudumu nikaona vibano vya ringi ya kufunguliwa, ambazo Ford walianza kuzitoa kwenye Model T mwaka 1919. Kwa hiyo gari lilitengenezwa kati ya 1919 na 1922. Nusu ya gari, na muda wa miaka minne tu.

Nimesikia kila gari la zamani huishia kuwa Ford Model T. Ni kweli?

Si kila gari, lakini lifikirie kwanza. Lilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15, na liliuzwa karibu kila pembe ya dunia. Alama yake ninayoiamini kuliko zote iko chini ya rejeta. Tazama kati ya magurudumu ya mbele: utaona springi moja imelala kukingama, kutoka gurudumu hadi gurudumu, imepinda kama upinde. Magari mengi ya wakati huo yalikuwa na springi mbili zilizofuata urefu wa gari, na ncha za chasi zilichomoza mbele kama pembe mbili. Ford waliendelea na springi ya kukingama hadi matoleo ya 1948, kwa hiyo alama hii inakusaidia hata kwenye Model A na V8, Ford zilizokuja baada ya Model T.

Kwa upande wa miaka, rejeta ya shaba inayong'aa ni ya hadi toleo la 1916. Kuanzia 1917 imevalishwa ganda lililopakwa rangi nyeusi. Angalizo moja: maduka ya vipuri yaliuza maganda ya rejeta ya kuifanya Model T ionekane gari la bei kubwa. Pua ikisema jambo moja na springi ikasema jingine, iamini springi.

Model A ya 1928 na ya 1931 nazitofautishaje?

Magurudumu. Za 1928 na 1929 zina ringi za inchi 21, kwa hiyo zinaonekana zimesimama juu kidogo. Za 1930 na 1931 zina ringi za inchi 19, tairi limejaa zaidi, na rejeta imeongezwa urefu. Ukiziweka picha mbili bega kwa bega utaiona tofauti mara moja.

Jina silipati. Naweza angalau kukadiria miaka?

Unaweza, na mara nyingi hilo ndilo familia inalohitaji. Mtindo wa magari ulikwenda kwa hatua, na hatua hizo zilivuka mipaka ya viwanda.

Taa za mafuta pembeni na karabai kubwa za gesi mbele ni za miaka ya mwanzo kabisa hadi kama katikati ya miaka ya 1910. Cadillac walileta injini inayowashwa kwa umeme kwenye toleo la 1912, na baada ya hapo taa za umeme zikaenea haraka. Hendeli inayoning'inia chini ya rejeta haithibitishi kwamba gari halina stata, kwani nyingi ziliachwa kama akiba.

Breki ni kipimo kizuri ambacho watu hukipita. Chungulia nyuma ya spoki za gurudumu la mbele: kuna drami ya breki? Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920 magari mengi yalikuwa na breki za nyuma tu. Drami ikiwepo mbele, kwa gari la kawaida, wewe uko kwenye nusu ya pili ya miaka ya 1920 au baadaye. Tairi nazo zinasema. Zile nyembamba ngumu zilianza kupisha tairi pana za upepo mdogo kuanzia 1923, na miaka michache baadaye zilikuwa kila mahali. Katika muongo huohuo magari ya wazi yalizidiwa idadi na yale yenye bodi ya kufunikwa.

Miaka ya 1930 inajulikana kwa mviringo. Kioo cha mbele kinalala, madigadi zinashuka na kulifunika gurudumu, taa zinaanza kuzama ndani ya bodi. Chrysler Airflow ya 1934 ilitangulia wenzake, na Cord 810 ya 1936 ilizificha taa zake kabisa. Ubao wa kukanyagia ulikuwa unapotea kuelekea mwisho wa muongo huo. Baada ya vita madigadi zilimezwa na ubavu, hadi upande wa gari ukawa ukuta mmoja. Ford ya 1949 ni mfano unaotajwa sana.

Jambo moja la kuliwekea alama: kuanzia Februari 1942 viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza magari ya raia, na vilipoanza tena baada ya vita vilitoa karibu magari yaleyale. Toleo la 1946 na la 1942 ni kama ndugu wa mama mmoja. Usijibane na mwaka mmoja hapo kama huoni urembo wa pua vizuri.

Gari ni la 1924. Basi picha ni ya 1924?

Hapana. Ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu kwenye ukurasa huu, ningesema hili. Gari linakupa mwaka ambao picha haiwezi kuwa imepigwa kabla yake. Halikupi mwaka wa picha.

Gari liliuzwa, likauzwa tena, likarithiwa, likageuzwa kuwa la mizigo. Ndiyo maana lazima umtazame gari kama unavyomtazama mtu ili kukisia umri wake. Madigadi zimekunjika? Tairi nne ni za aina tatu tofauti? Turubai limeshonwa viraka? Hilo lilikuwa limeshatumika miaka kadhaa. Gari lenye rangi inayorudisha mwanga kama kioo, na kundi zima limesimama kulitazama, pengine ndilo lilikuwa limefika nyumbani wiki ileile.

Tazama pia vilivyo nyuma. Mara nyingi kuna gari la pili limeegeshwa mbali, dogo kama ukucha, ambalo hakuna aliyelijali. Kama gari la mbele ni la 1924 na lile dogo la nyuma lina umbo la 1931, picha ni ya 1931 au baadaye. Nimeona tarehe za familia zikisogea miaka saba hivi kwa sababu ya gari lililokuwa limesimama kwenye kona ya picha.

Na kuna alama za vita. Kuanzia 1939 Uingereza iliamuru giza usiku, taa zikavalishwa vifuniko vyenye mianya, na kingo za madigadi na mbao za kukanyagia zikapakwa rangi nyeupe ili watu wasigongwe. Kwenye nchi nyingi za Ulaya, petroli ilipokosekana, magari yalifungwa mitungi mikubwa ya kuchomea kuni au makaa ili yaendeshwe kwa gesi yake. Ukiona lolote kati ya hayo, miaka yako imebanwa sana.

Namba ya gari inasomeka. Itanisaidia?

Sana, ila inajibu swali la mahali kuliko la aina ya gari. Uingereza ilianza kusajili magari tarehe 1 Januari 1904, na herufi za mwanzo zilionyesha eneo la usajili. Herufi ya mwisho inayotaja mwaka ilianza 1963. Majimbo mengi ya Marekani yalibadilisha vibao kila mwaka na kuuchapa mwaka juu yake, hivyo kibao kimoja kinachosomeka kinaweza kukuambia mwaka wa picha, si wa gari tu. Hicho ni kitu adimu. Kikuze kwanza kabla ya kufanya lolote jingine.

Usukani uko kulia. Hilo ni gari la Uingereza?

Si lazima. Magari mengi ya mwanzo ya Marekani yalikuwa na usukani kulia, na Ford Model T ni miongoni mwa yaliyobadilisha mazoea hayo. Lancia za Italia ziliendelea na usukani wa kulia hadi miaka ya 1950 ingawa Italia huendesha kulia mwa barabara. Sweden nayo iliendesha kushoto hadi tarehe 3 Septemba 1967, huku magari yake mengi yakiwa na usukani kushoto.

Kabla ya kutoa hukumu, hakikisha picha haijageuzwa. Negativu ikiwekwa upande usio wake, kushoto huwa kulia. Soma maandishi yoyote yaliyopo. Kama hakuna, tazama koti la mwanamume: mfuko wa kifuani hukaa kushoto kwake, na upande wa kushoto wa koti hulala juu ya wa kulia.

Gari linaonekana jeusi. Lilikuwa jeusi?

Huwezi kujua. Filamu zilizotumika sana hadi miaka ya 1920 hazikuiona rangi nyekundu, kwa hiyo gari jekundu lilitoka karibu jeusi. Buluu ilitoka nyeupe-nyeupe, na ndiyo sababu mbingu za picha hizo ni tupu. Model T pekee ndiyo unayoweza kuisemea kwa ujasiri kwa kipindi fulani: kuanzia 1914 hadi 1925 kiwanda kilipaka nyeusi tu.

Kile kitu cha duara juu ya rejeta ni nembo?

Mara nyingi ni kipimajoto. Kinaitwa Boyce MotoMeter, kilifungwa kwenye kifuniko cha rejeta ili dereva aone maji yakipata moto, na kiliwekwa kwenye magari ya kila aina, hasa miaka ya 1910 na 1920. Hakikutajii kiwanda. Sanamu halisi ni jambo jingine: mbwa wa mbio ni Lincoln, kichwa cha Mhindi Mwekundu ni Pontiac, jahazi ni Plymouth, kondoo dume ni Dodge. Lakini sanamu zilinunuliwa dukani na kufungwa na yeyote, basi itafutie shahidi wa pili.

Nimeona picha mbili za gari moja lakini bodi hazifanani. Kwa nini?

Kwa magari ya bei kubwa, kiwanda kiliuza chasi, injini na rejeta, kisha mnunuzi akaenda kwa fundi wa bodi kama mtu aendaye kwa fundi cherehani na kitambaa chake. Rolls-Royce walifanya hivyo hadi Vita Kuu ya Pili. Soma kuanzia boneti kwenda mbele kumjua mtengenezaji; nyuma ya hapo unamsoma fundi wa bodi. Fundi huyo aghalabu aliacha kibao kidogo cha chuma chini ya mlango, nacho huonekana mlango ukiwa wazi.

Na magari ya baada ya vita?

Hapa kazi ni nyepesi, kwa kuwa kilichobadilika kila mwaka kinajulikana vizuri. Volkswagen Beetle itazame kwa nyuma: kioo kilichogawanyika vipande viwili ni cha hadi Machi 1953, kioo kimoja cha umbo la yai ni cha hadi 1957, kisha kinakuja kikubwa cha pembe nne. Morris Minor ya 1948 ina taa chini, kando ya pua. Baadaye zilipanda juu ya madigadi, na kioo cha mbele chenye mstari katikati kiliondoka 1956. Land Rover za kwanza, za 1948, zina taa nyuma ya wavu wa mbele. Taa zikiwa zimehamia kwenye madigadi, hiyo ni ya mwishoni mwa miaka ya 1960 au baadaye.

Buick ya 1949 ina matundu ya mapambo ubavuni mwa boneti: manne ni Roadmaster, matatu ni ndogo zake. Cadillac iliota mapezi ya nyuma 1948, yakakua hadi yale marefu ya 1959. Na kwa magari ya Marekani kwa jumla, taa mbili za duara zenye upana wa inchi 7 ndizo zilizotawala tangu 1940, na taa nne zikaenea 1958.

Ninaweza kupima kitu kwenye picha?

Ndiyo, kama gari limepigwa kwa ubavu. Pima kwa rula umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma, kisha upana wa gurudumu moja na tairi lake, halafu gawanya. Model T ina inchi 100 kati ya magurudumu na tairi za inchi 30 kwa matoleo ya kabla ya 1926. Jibu ni takriban 3.3. Gari lako likitoa 4.5, limeshaondoka kwenye orodha. Kipimo hiki hakikupi jina, kinakuondolea majina, na hiyo ni kazi kubwa.

Niskani vipi?

Nukta 1200 kwa inchi kwa picha ndogo, 600 kwa kubwa, na kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Skani nyuma pia. Kama negativu ipo, itumie hiyo. Usipitishe picha kwenye programu za kunoa zinazotumia akili mnemba kabla ya kuitambua. Hazisomi kilichofifia, zinabuni. Zitakupa nembo safi isiyokuwepo, nawe utaitafuta siku nzima.

Picha yenyewe, kama karatasi, ina la kusema?

Ina. Kadi ya posta yenye mstari unaogawa nyuma sehemu mbili, ya anwani na ya ujumbe, iliruhusiwa Uingereza 1902 na Marekani 1907. Kamera za Kodak Autographic, zilizoanza 1914, zilikuwa na kidirisha cha kuandikia maneno kwenye filamu yenyewe. Mwandiko mwembamba ukingoni mwa negativu unaweza kuwa tarehe. Na kama gari halina kina, magurudumu hayagusi ardhi na mandhari ni pazia, wako studio, mbele ya gari la mbao lililochorwa.

Nikishapata jibu niliandikeje?

Andika unachokijua na sababu yake, kwa penseli laini, kwenye bahasha na si kwenye picha. Mfano: "Ford Model T ya wazi, 1919–1922, kwa sababu ya mlango wa bandia, kioo wima na ringi za kufunguliwa. Picha si kabla ya 1919." Atakayeiona baadaye akiwa na ushahidi bora ataweza kukusahihisha. Halafu andika majina ya waliosimama kando ya gari, wote unaowajua, kuanzia kushoto, na uwaulize wazee wiki hii kuhusu wale usiowajua.